Maksi na hamu ya kusoma: jinsi ya kutunga, kusahihisha na kurudisha jaribio la darasani

Mwanafunzi akiinua mkono katikati ya somo na kuuliza, "Mwalimu, hii itatoka?" amekwisha kukueleza anavyoliona somo lako. Si utovu wa adabu. Majaribio aliyofanya huko nyuma yamemfunza kwamba kinachohesabika ni kile kinachotoka, na kwamba kikishasahihishwa hakuna atakayekiuliza tena. Mtazamo wa namna hiyo hauondolewi na nasaha kuhusu umuhimu wa elimu. Hubadilika pale namna ya kupima inapobadilika, na hubadilika polepole.

Mwongozo huu unalifuata jaribio moja la kawaida la alama 40, tangu linapotungwa hadi alama zake zinapoingia kwenye ripoti. Mifano mingi ni ya hesabu za sehemu kwa kuwa ni rahisi kuliona kosa likitokea, lakini hatua ni zilezile kwa somo lolote.

Hatua ya 1: Andika anachotakiwa kuweza kufanya

Kabla hujafungua kitabu kutafuta maswali, andika sentensi tatu hadi tano zinazoanza na "Mwanafunzi aweze ku…". Kitenzi kinachofuata kiwe cha kitu kinachoonekana: kukokotoa, kuchora, kulinganisha, kupanga, kueleza kwa maneno yake mwenyewe. "Kuelewa" na "kufahamu" viache kando. Hakuna anayeweza kumwona mwenzake akielewa. Anachoona ni kazi iliyofanyika. Ukiandika "aelewe kujumlisha sehemu" utatunga swali lolote litakalokujia. Ukiandika "ajumlishe sehemu mbili zenye asili (namba za chini) tofauti na kurahisisha jibu", swali limeshajitunga nusu.

Sentensi hizo wape wanafunzi siku ya kwanza ya mada. Walimu wengine huzificha kana kwamba ni karatasi ya mtihani wenyewe. Lakini kumwambia mtu atapimwa uwezo gani si kumwambia swali.

Hatua ya 2: Chora jedwali la kutahini

Hesabu vipindi ulivyofundisha. Tuseme mada ilichukua vipindi 10: vitano vya kujumlisha na kutoa, vitatu vya kuzidisha na kugawanya, viwili vya mafumbo ya maneno. Gawanya vipindi vya kila sehemu ya mada kwa vipindi vyote, kisha zidisha kwa alama za jaribio. Kwa alama 40 utapata 20, 12 na 8.

Kisha zigawe alama hizo kwa mlalo: kukumbuka, kutumia, na kuchanganua au kutetea jibu. Mgawanyo wa kuanzia unaofaa ni 10, 20 na 10. Andika kwenye kila chumba cha jedwali idadi ya alama kabla ya kuandika swali hata moja.

Kazi hii huchukua dakika kumi na wengi huiruka. Matokeo yake yanajulikana: maswali ya kukumbuka ndiyo mepesi kutunga, kwa hiyo bila jedwali yanajaa karatasi. Mwanafunzi aliyekesha akikariri anapata 34 kwa 40. Aliyehangaika kuelewa kwa nini asili lazima ziwe sawa anapata 25. Wote wawili wamejifunza jambo siku hiyo, na jambo lenyewe ni kwamba kukariri kunalipa.

Hatua ya 3: Tunga maswali

Tuanze na maswali ya kuchagua, maana ndiyo yanayodharauliwa zaidi. Kwanza kumbuka kwamba maswali 20 yenye majibu manne kila moja humpa anayeotea tu takribani alama 5 za bure. Kwa hiyo 8 kwa 20 si dalili kubwa ya ujuzi.

Ubora wa swali la kuchagua uko kwenye majibu yasiyo sahihi, yaani vipumbazi. Usivibuni kichwani, vichukue kwenye madaftari. Chukua ½ + ⅓. Majibu yawe haya: A. 2/5, B. 5/6, C. 1/6, D. 1/5. Jibu ni B. Anayechagua A amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili. Anayechagua C amezidisha. Anayechagua D amejumlisha asili na kukiacha kiasi kama kilivyo. Wanafunzi 15 wakichagua A, umeshapata somo la kesho. Ungeweka 7/9 na 40 kama vipumbazi, mtu angekosa nawe usingejua amekosa nini.

Kiswahili kina mtego wake ambao vitabu vingi vya utahini havigusi: ngeli huvujisha jibu. Tazama swali hili: "Maji yakichemka hutoa ____ unaopaa hewani. A. barafu B. mvuke C. mawingu D. joto." Mwanafunzi asiyejua lolote kuhusu kuchemka atachagua B, kwa sababu "unaopaa" inakubaliana na mvuke pekee. Barafu ingekuwa inayopaa, mawingu yanayopaa, joto linalopaa. Umepima sarufi badala ya sayansi. Dawa yake ni kuliandika upya shina, yaani sentensi ya swali, ili upatanisho usihitajike: "Maji yakichemka hugeuka kuwa nini?" Pitia kila shina ukitafuta viambishi vya aina hiyo, hasa vile vinavyoangukia mara tu baada ya nafasi iliyo wazi.

Mambo mengine ya kukagua, kwa haraka: jibu sahihi lisiwe refu kuliko mengine yote (walimu hulifafanua mno ili lisipingwe); "yote hapo juu" liondoe; neno la kukanusha kwenye shina lipigie mstari; na herufi za majibu sahihi zisirundikane kwenye B na C.

Kwa maswali ya kujieleza, neno "Jadili" likisimama peke yake ni kero. Mmoja ataandika mistari mitatu, mwingine kurasa mbili, na wote watakuwa wametii. Andika: "Taja sababu mbili, na eleza kila moja kwa sentensi mbili au tatu. (Alama 6)". Alama zionekane pembeni ya kila swali ili mwanafunzi ajue agawe vipi muda wake.

Panga maswali kuanzia jepesi. Mwanafunzi dhaifu anayekutana na fumbo gumu kwenye swali la kwanza hukwama hapo dakika kumi, kisha hata yale anayoyaweza huyafanya akiwa ameshakata tamaa.

Mwisho, lifanye jaribio mwenyewe, kwa kalamu, huku saa ikikuangalia. Muda uliotumia zidisha kwa tatu. Ukimaliza kwa dakika 12, wanafunzi wanahitaji kama 36, nawe una kipindi cha dakika 40. Ukimaliza kwa 20, punguza maswali, usiwaambie waharakishe. Jaribio linalowakata wengi katikati hupima kasi ya mwandiko.

Hatua ya 4: Mwongozo wa kusahihisha uandikwe kabla ya jaribio

Kabla, si baada. Ukiuandika baada ya kuona majibu ya mwanafunzi unayemwamini, majibu yake ndiyo yatakuwa mwongozo.

Swali: "Tangi lina maji yaliyojaa ⅔ ya ujazo wake. Maji ya kujaza ¼ ya tangi yakatumika. Imebaki sehemu gani ya ujazo wa tangi?" Alama 4: kutambua kwamba ni kutoa, 1; kubadili ⅔ kuwa 8/12, 1; kubadili ¼ kuwa 3/12, 1; jibu 5/12, 1.

Sasa mwanafunzi ameandika 9/12 badala ya 8/12, akaendelea vizuri: 9/12 − 3/12 = 6/12 = ½. Wengi humpa 2, kwa kuwa jibu si lile. Anastahili 3. Kosa alilifanya mara moja, na alichofanya baada ya hapo ni sahihi kwa namba aliyokuwa nayo. Kumkata tena mwishoni ni kumwadhibu mara mbili kwa kosa moja, na watoto hulihisi hilo hata wasipoweza kulieleza.

Na yule aliyeandika 5/12 bila njia? Amua mapema. Kama maelekezo yalisema "onyesha njia", mpe alama ya jibu tu, 1. Kama hayakusema, mpe 4 na urekebishe maelekezo ya jaribio lijalo. Kosa lilikuwa lako.

Kwa insha tumia vigezo visivyozidi vinne, kila kimoja kikiwa na ngazi nne. Ngazi zielezwe kwa kinachoonekana kwenye karatasi. "Vizuri sana, vizuri, wastani, hafifu" si maelezo, ni hisia zilizopangwa mstari. Kwa kigezo cha hoja, kwa mfano:

4 – kila hoja ina mfano, na mfano unaonyesha uhusiano wake na hoja
3 – hoja zote zipo, moja haina mfano au mfano wake haugusi hoja
2 – hoja zimetajwa tu, mifano haipo
1 – hoja moja, au zilizopo hazijibu swali

Ngazi ziwe nne badala ya tano kwa sababu ile ya tatu kati ya tano huwa kimbilio. Msahihishaji aliyechoka huweka kila mtu hapo.

Anayedhani hesabu hazihitaji mwongozo wa maandishi azingatie hili. Mwaka 1913 Daniel Starch na Edward Elliott, huko Marekani, walichukua karatasi moja ya jometri wakaituma kwa walimu wengi waisahihishe kwa alama 100. Karatasi hiyohiyo ilirudi na alama kuanzia chini ya 30 hadi zaidi ya 90. Kuna waliokata kwa uchafu wa kazi, kuna waliothamini njia, kuna waliotazama jibu tu. Mwanafunzi yuleyule angekuwa amefeli kwa mwalimu huyu na kuongoza darasa kwa yule.

Hatua ya 5: Sahihisha swali kwa swali

Sahihisha swali la 1 kwa karatasi zote, kisha urudi mwanzo na swali la 2. Usimalize karatasi ya mtu mmoja ndipo uende kwa mwingine. Mwanafunzi aliyeanza vizuri hukulainisha; swali lake la nne likiwa na utata utampa faida ya shaka ambayo mwingine hatapewa. Kila ukimaliza swali, changanya rundo, ili yuleyule asiwe daima wa mwisho, wakati umechoka.

Majina yafunikwe. Kukunja kona ya juu ya karatasi kunatosha, au wape namba. Kwa mwandiko utawajua baadhi, lakini si wote.

Ukimaliza insha zote, chukua zile tano za mwanzo usome tena bila kutazama alama ulizoweka. Zikitofautiana kwa zaidi ya ngazi moja, umehama kipimo katikati ya kazi. Hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Hatua ya 6: Rudisha kazi, lakini usirudishe alama kwanza

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako. Tazama kinachotokea ukigawa karatasi zenye alama nyekundu juu: kila mmoja anatazama namba, anatazama ya jirani, anakunja, anaweka mkobani. Maoni uliyokesha ukiyaandika hayasomwi. Ruth Butler alilipima jambo hili nchini Israeli na kuchapisha matokeo mwaka 1988. Wanafunzi wengine walipewa alama peke yake, wengine maoni peke yake, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata. Waliopewa maoni pamoja na alama hawakuipata faida hiyo. Namba ilikuwa imeyameza maneno.

Utaratibu unaowezekana ni huu:

Siku ya kwanza rudisha karatasi zenye maoni bila namba. Alama ziko kwenye daftari lako. Wape dakika 20 za kipindi, si kazi ya nyumbani, wasahihishe makosa yao kwa kalamu ya rangi nyingine, hapohapo pembeni. Zunguka. Kusanya. Siku ya pili rudisha pamoja na alama. Kwa kosa lililorekebishwa na kuelezwa unaweza kurudisha nusu ya alama iliyopotea. Ikiwa kanuni za shule haziruhusu, iandike pembeni kama "baada ya marekebisho", ili mwanafunzi aone namba mbili na umbali kati yake.

Mara ya kwanza watanung'unika. "Mwalimu, mimi nimepata ngapi?" itasikika mara ishirini ndani ya kipindi. Mara ya tatu au ya nne kelele hupungua, maana wameshaona kwamba alama inakuja na kwamba inaweza kupanda.

Maoni yenyewe yawe na mambo matatu: kilichokaa sawa, kosa lilipo, na cha kufanya sasa. "Ongeza bidii" halina hata moja. Mwanafunzi anayesoma "ongeza bidii" anabaki na swali lilelile alilokuja nalo: bidii ya kufanya nini? Linganisha na hili: "Umepata asili ya pamoja vizuri kote. Swali la 6 na la 9, umebadili asili ukasahau kubadili kiasi. Rudia hayo mawili, kisha fanya la 12 ukurasa huo." Ni sentensi tatu, na kila moja ina kazi.

Hesabu ya muda ni lazima ifanywe. Dakika mbili kwa karatasi, darasa la wanafunzi 45, ni dakika 90. Inawezekana mara moja kwa mada, si kila wiki. Ukiwa na 70 au 80, tumia misimbo. Orodhesha makosa sita yanayojirudia, yape herufi, yaandike ubaoni na maelezo yake, na kwenye karatasi andika herufi tu: K, amesahau kubadili kiasi; R, hakurahisisha; S, hakusoma swali lote. Mwanafunzi anatafuta herufi yake ubaoni na kurekebisha. Haya hayana joto la maoni ya mtu mmoja mmoja, lakini yanasomwa, na hilo ndilo la msingi.

Onyo moja. Maoni yanaweza kuharibu. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya tafiti za mrejesho mwaka 1996 waligundua kuwa katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo, mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuupandisha. Hatari huongezeka pale maneno yanapoiacha kazi na kumgeukia mtu. "Wewe ni mvivu" ni mfano ulio wazi. Uliojificha zaidi ni "Wewe ni kipanga." Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na kazi iliyowashinda, waliacha upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Mtoto aliyeambiwa ana akili ana cha kupoteza akikosa. Atachagua swali jepesi ili jina lisimtoke. Sifu njia aliyotumia, kwa kuitaja: "Ulichora tangi kwanza, ndiyo maana hukuchanganya."

Hatua ya 7: Yachunguze maswali yenyewe

Darasa zima likikosa swali, usianze na darasa. Panga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Chukua kundi la juu na kundi la chini, kila moja kama asilimia 27 ya darasa. Kwa wanafunzi 40 ni 11 na 11.

Ugumu wa swali: waliopata gawanya kwa wote. 24 kati ya 40 ni 0.6. Kati ya 0.3 na 0.8 swali linafaa kwa jaribio la kawaida. Ukianza na swali la 0.9 ili kuwapa moyo, pia ni sawa.

Uwezo wa swali kutofautisha wanaojua na wasiojua: waliopata kundi la juu toa waliopata kundi la chini, gawanya kwa 11. Juu 9, chini 3, ni 6 kwa 11, yaani 0.55. Swali zuri. Chini ya 0.2, litazame upya. Ikiwa hasi, maana yake wanaojua wanakosa na wasiojua wanapata, angalia kwanza kama wewe mwenyewe hukuandika herufi isiyo sahihi kwenye majibu. Mara nyingi ndiyo sababu. La sivyo, shina lina maana mbili na wanaofikiri sana ndio walioiona ya pili.

Swali bovu lifute, na uwaambie wanafunzi umelifuta na kwa nini. Haki inayoonekana hujenga imani haraka kuliko alama za bure.

Hatua ya 8: Kuingiza alama kwenye ripoti

Kosa la kawaida kuliko yote ni kujumlisha alama zenye vipimo tofauti. Umetangaza kwamba kazi za darasani ni asilimia 40 na mtihani asilimia 60. Mwanafunzi ana 16 kwa 20 za kazi na 45 kwa 100 za mtihani. Ukijumlisha tu, ni 61 kwa 120, karibu asilimia 51. Ukifuata ulichotangaza: 16 kwa 20 ni asilimia 80, mara 0.4 ni 32. 45 mara 0.6 ni 27, jumla 59. Njia ya kwanza iliipa kazi ya mwaka mzima uzito wa moja ya sita tu, asilimia 17 hivi, bila mtu kukusudia.

La pili ni sifuri. Mwanafunzi ana 80, 75, 85 na 80. Wastani ni 80. Kazi ya tano hakuleta, akapewa 0. Wastani unaanguka hadi 64. Namba hiyo haielezi tena anachojua kuhusu somo. Inaeleza siku moja. Andika "haijaletwa", mpe tarehe ya mwisho ya kuileta, na asipoileta lishughulikie kama suala la nidhamu mahali pake. Ukilazimika kutoa namba moja, alama ya katikati (ukizipanga kwa ukubwa) ingekupa 80 na isingeyumbishwa na sifuri hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo, kuchelewa, kelele, unadhifu na mahudhurio visichanganywe na alama ya somo. Vina nafasi yake kwenye ripoti, kwenye mstari wake. Mtoto mtulivu asiyejua kugawanya sehemu akipewa alama nzuri, mzazi wake hatajua mpaka muda umechelewa.

Na wastani wenyewe una dhuluma yake. 30, 45, 70, 85: huyu amepanda. Wastani wake ni 57.5, namba ambayo hakuwahi kuipata wala haielezi anakoishia. Kwa ujuzi unaojengana, zipe kazi za mwisho uzito mkubwa. Kwa mada zisizotegemeana, wastani unafaa. Hapo kila alama inahusu jambo jingine.

Kubandika ukutani orodha ya nafasi kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, acha. Watano wa juu hupata cha kulinda, watano wa chini hupata jina, na waliobaki katikati hawapati habari yoyote kuhusu sehemu.

Hatua ya 9: Pima mtazamo, bila kuutoza alama

Mara mbili kwa muhula, wape karatasi ndogo isiyo na jina, yenye sentensi sita na chaguo nne: nakataa kabisa, nakataa, nakubali, nakubali kabisa. Mfano: "Nikikosa swali najua nianzie wapi kurekebisha." "Naogopa kuuliza swali darasani." "Kwenye somo hili, mtu ama anaweza ama hawezi." "Maoni ya mwalimu hunisaidia kazi inayofuata." Sentensi moja au mbili ziwe za kinyume, ili umtambue anayetia tiki mstari mmoja bila kusoma; unapojumlisha, zigeuze namba za sentensi hizo. Epuka sentensi yenye mambo mawili, kama "Somo ni zuri na mwalimu anaeleweka". Akikubali, amekubali lipi?

Usikusanye mwenyewe kwa kupita ukitazama. Weka sanduku au bahasha mlangoni. Na usitoe alama kwa mtazamo, hata kidogo. Siku ukitoa, wote watalipenda somo kwenye karatasi.

Pamoja na hilo kuna majaribio madogo yasiyoandikwa popote. Maswali matatu mwanzoni mwa kipindi, daftari zimefungwa, dakika tano, wanajisahihisha wenyewe. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojikumbusha kwa kujipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma, ingawa waliorudia kusoma ndio waliojiamini. Faida nyingine ni kwamba wanazoea kukosa pasipo gharama. Ukianza kuziandika alama hizo, hata kwa penseli, kuangalizia kutaanza wiki hiyohiyo.

Karatasi za mtazamo zikisharudi, zihesabu jioni hiyo na kesho yake waambie mambo mawili: lililojitokeza kwa wengi, na jambo moja utakalobadilisha kwenye jaribio lijalo. Ikiwa 28 kati ya 40 wamesema hawajui waanzie wapi wanapokosa, ongeza dakika tano kwenye zile 20 za marekebisho, na uweke ubaoni swali moja lililorekebishwa tayari, hatua kwa hatua, kabla hawajashika kalamu.